Ugumba ni Maradhi, Wala Si Aibu ya Mwanamke

Azimio la Arusha lilipotangazwa tarehe 5 Februari 1967, wananchi walikuwa wamekwisha kufundishwa tangu Uhuru kuwatambua maadui watatu wa Taifa: ujinga, umaskini na maradhi. Tangu wakati huo adui maradhi amepigwa kwa chanjo, kwa visima vya maji safi, kwa zahanati za vijiji na kwa waganga na wakunga waliosomeshwa kwa jasho la wakulima na wafanyakazi. Siasa ya uchumi imepita katika mabadiliko mengi, lakini hakuna kiongozi wala mwananchi aliyepata kusema kwamba vita ile imekwisha au kwamba haikuwa ya haki.

Yapo, hata hivyo, maradhi ambayo hayajapata kuhesabiwa sawasawa katika vita hiyo. Hayamlazi mtu kitandani, hayamtoi damu puani, wala hayatangazwi redioni kama kipindupindu. Mwenye maradhi hayo huamka asubuhi akaenda kazini kama wenzake, akafundisha, akapiga taipu, akalima, akarudi nyumbani. Lakini nyumbani ndiko yanakomngojea. Maradhi hayo ni ugumba, yaani mume na mke kukaa pamoja kwa muda mrefu wakitaka mtoto wasimpate.

Mfano hauko mbali na mji ulioupa Azimio jina lake. Olasiti ni kata iliyo pembezoni mwa Jiji la Arusha, upande wa magharibi. Mahali ambapo zamani palikuwa mashamba ya mahindi na maharage na malisho ya ng'ombe wa Waarusha, sasa zimesimama nyumba za walimu, makarani, madereva wa magari ya watalii, mafundi na wachuuzi. Wamo Waarusha na Wameru, wamo Wachaga, Wapare, Warangi na Wairaqw. Kila kabila limekuja na mila zake, lakini katika jambo moja mila hizo zote zinapatana: ndoa isiyo na mtoto huhesabiwa kuwa ni ndoa ambayo bado haijasimama.

Jambo hili huanza katika jina. Mwanamke wa Kitanzania akishazaa, jina lake la utotoni huwekwa kando kwa heshima. Majirani humwita Mama Neema, Mama Baraka au Mama Naishiye. Kwa jina hilo anakuwa mtu mzima mbele ya watu, anakaribishwa katika shauri la wanawake wenzake na anapewa neno la kusema. Asiyezaa hana jina hilo. Huitwa mke wa fulani, au shemeji, au mwalimu, na miaka inapozidi kupita huanza kuitwa majina mengine nyuma ya mgongo wake. Anayeitwa hivyo hakutenda kosa lolote.

MZIGO WA MMOJA

Wataalamu hawaliiti jambo hili laana wala mkosi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ugumba ni ugonjwa wa viungo vya uzazi vya mwanamume au vya mwanamke, unaotambuliwa pale mimba isipopatikana baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana mara kwa mara bila kinga. Katika taarifa yake ya Aprili 2023 Shirika hilo lilieleza kuwa kiasi cha mtu mmoja katika kila watu wazima sita duniani hupatwa na shida hii wakati fulani wa maisha yake, na kwamba tofauti baina ya nchi tajiri na nchi maskini si kubwa. Tofauti kubwa iko katika nani anapata matibabu na nani anaambiwa avumilie.

Katika maelezo hayo neno la kutiliwa mkazo ni lile la kwanza: la mwanamume au la mwanamke. Hospitali zote zinazochunguza watu wawili badala ya mmoja zimekuta kwamba mara nyingi sana kasoro iko upande wa mume, au iko pande zote mbili. Mbegu za kiume huweza kuwa chache, dhaifu au kutokuwapo kabisa, na mwenyewe akawa mzima wa afya, mwenye nguvu za kulima na za ndoa. Uwezo wa kukutana na mwanamke ni kitu kimoja. Uwezo wa kutungisha mimba ni kitu kingine. Watu wengi, hata wenye vyeti vya chuo, hawajatenganisha mambo haya mawili, na kwa sababu hiyo mwanamume huona kuambiwa apimwe ni kutukanwa.

Matokeo yake yanajulikana katika kila mtaa. Mke hupelekwa hospitali peke yake. Hupimwa peke yake, hunywa dawa peke yake, hufunga na kusali peke yake. Mama mkwe huanza kuuliza, mawifi huanza kuimba mafumbo, na mwishowe mume hushauriwa kuoa mwingine. Mke wa pili naye asipozaa, badala ya akili kufunguka, husemwa kwamba nyumba imerogwa. Uchunguzi uliofanywa na wataalamu katika mji jirani wa Moshi mwanzoni mwa karne hii ulieleza wazi jinsi wanawake wasiozaa wanavyopoteza heshima na usalama katika ndoa zao. Aliyekaa Moshi au Arusha hakuhitaji kusubiri uchunguzi huo ili ajue. Lakini ni vizuri kwamba umeandikwa, ili asiweze mtu kusema kuwa ni porojo za wanawake.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliorodhesha mambo ambayo mahakama inaweza kuyatazama kama dalili kwamba ndoa imevunjika, kama vile uzinzi, ukatili na kutelekeza. Kutozaa hakumo katika orodha hiyo. Bunge la wakati ule lilikuwa na hekima. Lakini mke anayefukuzwa na wakwe zake hapelekwi mahakamani. Hutolewa na sanduku lake mlangoni, na shamba alilolipalilia kwa miaka kumi hubaki nyuma. Hiyo ndiyo dhuluma iliyofichwa ndani ya neno dogo "tasa".

CHANZO CHAKE

Wengi hudhani kwamba nchi yenye watoto wengi haiwezi kuwa na shida ya ugumba. Historia ya Tanzania yenyewe inakanusha dhana hiyo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Buhaya, sehemu ambayo leo ni Mkoa wa Kagera, ilijulikana kwa uchache wa watoto wanaozaliwa, hata wakoloni na wamisionari wakawa na hofu kwamba kabila litatoweka. Chanzo kikubwa kilikuwa magonjwa ya zinaa, hasa kaswende na kisonono, yaliyoenea pamoja na biashara, safari za kutafuta kazi na vurugu za ukoloni. Penisilini ilipoingia baada ya Vita Kuu ya Pili, uzazi ulipanda. Hivyo jambo lililodhaniwa kuwa ni adhabu ya mababu lilikuwa ni kijidudu, na kijidudu kilikuwa na dawa.

Funzo hilo halijachakaa. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 1979 katika nchi nyingi ulionyesha kwamba Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa na sehemu kubwa kuliko mabara mengine ya wanawake wagumba walioharibiwa mirija ya uzazi na maambukizi. Kisonono na klamidia huweza kukaa mwilini kimya kimya, bila maumivu makali, na baada ya miaka mirija ikaziba. Yai haliwezi kupita, mbegu haiwezi kulifikia.

Tena yako maambukizi yanayomwingia mwanamke siku ya kujifungua, kwa mikono isiyo safi, au baada ya mimba kuharibika au kutolewa kwa siri vichochoroni. Ndiyo sababu katika Afrika wako wengi waliozaa mtoto mmoja, kisha wasipate wa pili. Hao nao ni wagonjwa, ingawa majirani husema wanaringa. Kwa upande wa wanaume, magonjwa hayo hayo ya zinaa huziba njia za mbegu. Na matubwitubwi yakimpata kijana aliyekwisha kubalehe huweza kuharibu kokwa zake. Ulevi, sigara na unene wa kupita kiasi huongeza madhara, na umri wa mwanamke haumsubiri mtu, maana mayai hupungua sana baada ya miaka 35.

Kiko chanzo kingine ambacho hakimo katika vitabu vya uganga, na ambacho wasomaji walio watumishi wa umma wanakijua kuliko daktari yeyote. Mwalimu hupangiwa shule Ngorongoro, mumewe ni karani Mtwara. Huonana likizo ya Juni na ya Desemba, na mara nyingine nauli hukosekana wakaonana mara moja tu. Barua ya kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza hupita mezani kwa mkuu wa shule, mezani kwa ofisa elimu, mezani kwa mkurugenzi, na huko hukaa. Miaka minne ikipita, ndugu husema mke ni tasa. Kumbe watu hao hawajapata hata kutimiza ile miezi 12 ambayo wataalamu wanaitaka kabla ya kutamka neno ugumba. Dawa ya wagonjwa wa namna hiyo ni saini ya ofisa, na saini haina gharama.

NGAZI YA MATIBABU

Linapotajwa tiba ya ugumba, mawazo ya wengi hukimbilia mtoto wa kupandikizwa. Hiyo ni ngazi ya juu kabisa, na wengi wenye shida hawana haja ya kuifikia. Ngazi ya kwanza ni maelezo: siku zipi mwanamke huweza kushika mimba, na kwa nini mume na mke waje pamoja. Ngazi ya pili ni vipimo. Shahawa hupimwa kwa hadubini, chombo ambacho kimo katika kila maabara inayopima malaria. Mirija hupimwa kwa eksirei baada ya kutiwa dawa maalumu. Mji wa mimba na mayai hutazamwa kwa altrasaundi. Ngazi ya tatu ni dawa: viuavijasumu kwa wote wawili panapokuwa na maambukizi, na vidonge vya kukomaza mayai kwa mwanamke ambaye mayai yake hayatoki, ambavyo si vya bei kubwa. Ngazi ya nne ni upasuaji. Ya mwisho ndiyo kutungisha mimba nje ya mwili.

Mkazi wa Olasiti anazo ngazi za mwanzo karibu naye. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru iko mjini Arusha, na Hospitali ya Rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko Moshi, mwendo wa saa chache kwa basi. Kinachokosekana mara nyingi ni utaratibu. Mgonjwa hufika leo kwa daktari huyu, mwezi ujao kwa mwingine, vipimo hurudiwa kwa sababu faili halikuonekana, mume haitwi, na baada ya miaka miwili mke amekwisha kutumia akiba yote bila kupewa jina la ugonjwa wake.

Pengo hilo halikai tupu. Huingia humo wauza dawa za "kusafisha kizazi", wenye matangazo kwenye nguzo za umeme na kwenye simu, wanaoahidi mapacha kwa siku 21. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, katika Mkoa huu huu wa Arusha, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Msururu wa magari ulikuwa wa kilomita nyingi. Wenye kuwacheka watu wale walikosa shabaha. Mtu aliyekosa daktari wa kumweleza ukweli kwa upole hufuata tumaini popote linapotajwa, hata likiwa nyuma ya milima.

Wala mila zote si za kubezwa. Tangu kale wanawake wa Kimasai wamekuwa wakikusanyika kuomba baraka ya uzazi, na mti wa oreteti umekuwa mahali pa sala. Ndani ya desturi hiyo mna jambo ambalo hospitali nyingi zimelisahau: kwamba kutopata mtoto ni shida ya jamii nzima, na kwamba mwenye shida hiyo husindikizwa na wenzake. Mwanamke asindikizwe vivyo hivyo hadi maabara, na mumewe awe wa kwanza kumsindikiza.

WENYE NAVYO NA WASIO NAVYO

Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya mwili wa mama yake, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Mwanasayansi Robert Edwards, mmoja wa walioifanya kazi hiyo pamoja na daktari Patrick Steptoe na Jean Purdy, alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2010. Tangu siku ile ya Oldham mamilioni ya watoto wamezaliwa kwa njia hiyo, na Afrika Mashariki haikubaki nyuma kabisa: Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa namna hiyo mwaka 2004 na Kenya mwaka 2006. Nchini Tanzania huduma hiyo imetolewa na hospitali binafsi chache, na Hospitali ya Taifa Muhimbili nayo ilitangaza azma ya kuwa na kituo chake.

Hayo ni maendeleo. Lakini maendeleo ya nani? Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma ni shilingi 500,000 kwa mwezi, yaani shilingi 6,000,000 kwa mwaka kabla ya makato. Jaribio moja tu la kupandikiza mimba katika hospitali binafsi hupita mshahara huo wa mwaka mzima. Tena ni jaribio: hata katika nchi tajiri majaribio mengi hayaleti mtoto, na mgonjwa huambiwa arudi. Mwenye nacho huvuka Namanga akaenda Nairobi, au hupanda ndege hadi India, akarudi na mtoto, na watu husema Mungu amemkumbuka. Mwalimu wa Olasiti huuza kiwanja, akajaribu mara moja, akarudi bila kiwanja na bila mtoto. Mkulima wa mlimani hajaribu kabisa. Ikiwa kuzaa kutategemea ukubwa wa mfuko, basi matabaka yatakuwa yameingia hata katika tumbo la mama, jambo ambalo Azimio halikulikusudia na ambalo hakuna kiongozi wa Chama anayeweza kulitetea.

Wapo wanaosema, na si kwa nia mbaya, kwamba Taifa halina shida ya watoto. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na utafiti wa afya wa mwaka huo ulionyesha kwamba mwanamke wa Kitanzania huzaa kwa wastani watoto 4.8. Wanauliza: madarasa hayatoshi, akina mama wengine bado wanafariki wakijifungua, itakuwaje fedha zitumike kuwatafutia watoto wasionao?

Hoja hiyo inastahili jibu. Kwanza, wastani hauzai. Mwanamke asiye na mtoto hafarijiwi na watoto saba wa jirani yake. Pili, uzazi wa mpango haukuwa kamwe shauri la kupunguza watu tu. UMATI, chama kilichoanza kazi hiyo mwaka 1959, kimejiita Chama cha Uzazi na Malezi Bora. Na mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Cairo mwaka 1994 ulitaja kuzuia na kutibu ugumba kuwa sehemu ya afya ya uzazi. Mzazi ana haki ya kupanga lini azae. Haki hiyo ni nusu tu ikiwa asiyeweza kuzaa hajaliwi. Tena mwanamke anayeogopa ugumba huogopa pia vidonge na sindano za uzazi wa mpango. Akihakikishiwa kuwa atasaidiwa pande zote mbili, ataiamini kliniki.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kazi ya kuzuia ugumba ni ile ile ya kuokoa akina mama. Mkunga mwenye glavu safi, anayemlinda mzazi asife kwa homa ya uzazi, ndiye huyo huyo anayeilinda mirija yake isizibe. Zahanati inayotibu kisonono kwa mume na mke pamoja inazuia ukimwi na inazuia ugumba kwa dozi moja. Vifo vya akina mama vimepungua hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000 kwa hesabu ya utafiti huo wa mwaka 2022, na kila hatua ya kuvipunguza zaidi ni hatua ya kupunguza wagumba wa kesho. Hakuna ugomvi baina ya hayo mawili.

Yapo pia maswali ya dini, nayo yasifichwe. Kanisa Katoliki lilikataa utungishaji wa nje ya mwili katika waraka wake wa mwaka 1987. Al-Azhar ya Misri, kwa fatwa ya mwaka 1980, iliuruhusu baina ya mume na mke walio katika ndoa, bila mtu wa tatu. Serikali haina dini, na si kazi ya gazeti kuamua baina ya mashehe na maaskofu. Lakini vipimo, viuavijasumu na ukweli havikatazwi na dini yoyote. Kila muumini atapanda ngazi hadi pale dhamiri yake inapomruhusu. Asizuiwe kupanda kwa sababu ya umaskini.

LA KUFANYA

Novemba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa dunia nzima kuhusu kuzuia, kupima na kutibu ugumba. Hivyo hakuna tena sababu ya kusema kwamba jambo hili ni la anasa au kwamba halina njia iliyokubaliwa.

La kwanza, kila hospitali ya mkoa, ya Mount Meru ikiwamo, iwe na siku maalumu ya kliniki ya wasiopata watoto, yenye faili moja la mume na mke na sharti kwamba wote wawili wahudhurie. Hilo halihitaji jengo jipya. La pili, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 itekelezwe kwa namna ambayo vipimo na dawa za ngazi za mwanzo vitahesabiwa kuwa ni matibabu kama matibabu mengine. Mtumishi amekuwa akikatwa asilimia 3 ya mshahara wake kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwajiri akaongeza 3. Ana haki ya kutazamia kwamba ugonjwa wake nao utaitwa ugonjwa.

La tatu, huduma ya kupandikiza mimba katika hospitali ya umma iwe kweli ya umma, kwa bei inayolingana na kipato. Jambo hilo linawezekana. Hospitali za serikali za Afrika Kusini, kama Groote Schuur na Tygerberg za Cape Town, zimekuwa zikiitoa kwa ruzuku. Na wataalamu wa Ubelgiji wamebuni maabara nyepesi yenye gharama ndogo kwa ajili ya nchi maskini. Pamoja na hilo itungwe sheria mahususi, maana Kenya na Uganda zimekwisha kufikisha miswada ya namna hiyo mbele ya mabunge yao. Biashara ya mayai, ya mbegu na ya matumbo ya wanawake maskini isije ikaota mizizi kabla sheria haijaamka.

La nne linawahusu waajiri. Maombi ya watumishi wanaotaka kuhamia kwa wenzi wao yashughulikiwe kwa muda maalumu, na ofisa anayeyakalia aulizwe. Mwalimu anayehitaji ruhusa ya kwenda kliniki asilazimishwe kusimulia siri ya nyumba yake mbele ya ofisi nzima. Cheti cha daktari kinatosha.

La tano linawahusu walimu wenyewe. Kijana wa sekondari afundishwe kwamba kisonono kisichotibiwa leo huja kumnyima mtoto miaka kumi baadaye, na kwamba kati ya watu wawili wasiozaa, wawili hupimwa. Somo hilo likiingia vichwani mwa kizazi kimoja, nusu ya dhuluma itakuwa imekwisha. Na wale ambao tiba imewashinda waelezwe kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imefungua njia ya kuasili, ili mtoto asiye na wazazi na wazazi wasio na mtoto wakutane kwa heshima.

La mwisho ni la wananchi wote, na hasa mabalozi wa mashina, ambao huamua ugomvi wa nyumba kabla haujafika mahakamani. Mke akifukuzwa kwa sababu ya kutozaa, balozi asiseme kuwa hayo ni mambo ya ukoo. Aulize swali moja tu: mume amepimwa?

Watanzania si wachoyo. Mwaka 1952 Wameru, watu wa mlima huo huo unaoonekana kutoka Olasiti, walichanga fedha zao kidogo kidogo wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa kudai ardhi yao. Leo kamati za harusi katika mitaa ya Arusha hukusanya mamilioni ya shilingi kwa siku moja ya ngoma na pilau. Lakini ndoa ile ile ikipatwa na shida mwaka wa tatu, kamati haionekani. Waliochangia keki ndio wanaokuwa wa kwanza kunong'ona. Ndugu na marafiki waliochanga kuwaunganisha wawili hao hawawezi kukosa nauli ya kuwafikisha KCMC.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Kwa miaka mingi Taifa limeuficha uchi huu ndani ya vyumba vya watu, likamwachia mwanamke mmoja kulia usiku ili asisikike. Wakati umefika wa kuufunua mbele ya daktari, mbele ya mpangaji wa bajeti na mbele ya mtunga sheria. Ugumba ni maradhi. Nayo maradhi, tangu Uhuru, yalikwisha kutangazwa kuwa ni adui wa Taifa zima, wala si aibu ya mtu mmoja.